Daftari la Redio, Kasumulu

Hema la kamandi lilikuwa na viti vitatu,
kimoja kimevizidi vingine kwa inchi mbili.
Siku ya kwanza ilipita tukibishana nani akikalie.
Siku ya pili aliitwa fundi kutoka Kyela mjini,
akaja na msumeno, akavikata vyote.

Mimi ni Sajini Subilaga. Naandika saa,
jina la mwenye kuita, na neno lililosemwa.
Neno lisilosemwa halina mstari wake
ila pembezoni, kwa penseli, nikipenda.

Siku kumi na moja waliandika amri ya pamoja.
Iwe "kuongoza" au iwe "kuratibu"?
Chai ilipoa juu ya neno hilo, ikachemshwa, ikapoa.
Jikoni wapishi wakacheka: mafahali wawili
wameshindwa zizi moja, sembuse watatu!
Brigedia Simukonda wa Zambia akataka nukta.
Kanali wetu akataka mkato.
Meja Mwangonde wa Malawi, ambaye husema mara moja kwa siku,
akauliza: mvua ikishuka usiku,
nani atamwamsha nani?
Niliandika: saa nane na robo mchana. Kimya.

Adui tulikuwa naye, wa karatasi.
Tulimpa jina, vifaru, na tamaa ya milima ya Rungwe.
Alishambulia kila Jumanne,
akashindwa kabla ya chakula.

Songwe haukuwa kwenye ratiba.
Mto huu una tabia zake: hulala huku, huamkia kule,
na ukigeuka hubeba shamba pamoja na uraia wa mwenye shamba.
Mama Tupokigwe ana migomba aliyoipanda Tanzania
akaivunia Malawi, bila yeye kuvuka kitu.
Usiku ule alikuwa juu ya paa na wajukuu sita,
maji pande zote mbili za nchi zote mbili.

Mpunga kwa Kakao. Mpunga kwa Kakao. Mnanipata?
Nakupata. Subiri.
Kibali cha Lusaka hakijafika.
Cha Lilongwe kimefika, kinauliza cha Dodoma.
Dodoma inauliza nani anauliza.

Ndipo Meja Mwangonde akaninyang'anya kipaza sauti
akasema kwa Kingonde, nasi tunakiita Kinyakyusa,
lugha moja yenye pasi mbili za kusafiria.
Kutoka gizani Luteni Ambakisye akamjibu.
Haikuwa amri ninayoijua, haina mguu sawa
wala nyuma geuka. Ni ile sauti
ya kuwaita watoto ndani, tone la kwanza likigonga bati.
Boti zikaondoka.

Brigedia hakuelewa hata neno. Alivua saa yake,
akaiweka juu ya ramani, akatoka.
Praiveti mmoja, sijui wa jeshi lipi, alimwambia "vuta",
akavuta. Alimwambia "legeza", akalegeza,
hadi viganja vyake vikachubuka kama vya mkulima.

Watu thelathini na wanane. Mbuzi sikuhesabu.
Praiveti Gwakisa, aliyeshika ncha ya kamba,
hatukumpata.

Fomu ya kifo ina kisanduku kimoja:
Alikuwa chini ya kamandi ya nani?
Ilizunguka miji mikuu mitatu, ikarudi
na mihuri mitatu na kisanduku kitupu.
Mama yake aliteremka kutoka Tukuyu amekunja blanketi,
akidhani huku nako ni baridi.
"Ugonile, mwanangu," akaniambia.
Nilikosa jibu ambalo hata mtoto analijua.

Mkataba umesainiwa. Viti bado vinalingana,
vifupi kwa meza, wakubwa wanasaini
videvu vikikaribia karatasi.
Songwe umesogea hatua arobaini,
na mahali alipoonekana mwisho sasa ni mchanga,
sijui wa nani.

Wakaguzi waliuliza kwa nini ukurasa wa usiku ule
una penseli mpaka ndani ya mistari.
Nilisema kalamu ililowa.